Stima Ndani ya Maziwa

Nairobi, 11 Februari 2024

Shangazi Tari,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, wala si umesimama unamimina maziwa kwa mkono mmoja na kunisoma kwa mwingine. Makanga wa basi la asubuhi ameahidi kuiweka ndani ya mtungi wako mtupu unaorudi Isiolo. Anasema vitu vyako havipotei kwa sababu kila mtu stejini anakuogopa.

Mimi ni mzima. Jirani yangu wa ghorofa ya tatu anafuga jogoo bafuni, kwa hivyo siku hizi sihitaji kengele ya simu. Ninakula, usiulize tena. Nisalimie Sharamo akija kutoka Gotu anakochunga ngamia wako, na shemeji Samatar kama lori lake halijaondoka kwenda Merti.

Uliponipigia Ijumaa ulizungumza juu ya bei ya nyasi, ukasema, "Dada yako Mulki anatapika asubuhi," halafu ukarudi kwenye nyasi. Nilielewa. Nilielewa pia kwa nini hukuendelea. Nyumbani kwako simu huwekwa spika, na Mulki alikuwa hapo hapo akimcheka mumewe Samatar. Ndiyo maana naandika.

Mimba mbili zimemtoka, zote zikiwa za miezi mitano. Najua hupendi jambo hili litajwe. Mulki ni binti wa tumbo lako, lakini mimi ndiye niliyelala naye mkeka mmoja tangu mama yangu alipofariki ukanichukua, na siwezi kulifikiria bila kulitaja. Kuna ugonjwa wa mifugo unaoitwa brusela. Unaingia kwa maziwa mabichi, unaleta homa inayokuja na kwenda, na unaweza kuharibu mimba. Mulki anakunywa maziwa ya Gotu asubuhi na jioni, kama tulivyolelewa sote. Mpeleke hospitali apimwe damu. Kama hutaki, basi nipe maziwa niyapime mimi.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni nini hasa. Ndani ya kila kiumbe kuna DNA, na DNA ni ngazi nyembamba mno iliyosokotwa. Vidato vyake vikikaa sawasawa, kimoja juu ya kingine, umeme mdogo unaweza kupita katikati. Wataalamu walibishana miaka mingi: huyu anapima anaona waya, yule anapima anaona hakuna kitu, na mara nyingi tofauti ilikuwa unyevu tu, au urefu wa uzi. Mimi nimechukua nusu ya ngazi ya kijidudu cha brusela, nimeisimamisha juu ya dhahabu nyembamba. Maziwa yakiwa na kijidudu, nusu ya pili itakuja kujishikiza, ngazi itakamilika na mkondo utapita. Yakiwa hayana, nusu yangu itabaki peke yake na mkondo utalala. Maziwa yanachemshwa kidogo ili kijidudu kipasuke, kisha yanadondoshwa pale bila kusafishwa. Nataka kifaa siku moja kifanye kazi Gotu, ambako hakuna maabara.

Nimekutumia chupa ndogo za plastiki. Ngamia mmoja chupa moja.

Kuhusu kuja nyumbani, nitakujibu katika barua nyingine.

Wako,
Kabale


Isiolo, 3 Machi 2024

Kabale mwanangu,

Aleikum salaam. Nimekusoma nikiwa nimeketi, tena mlango nimeufunga kwa komeo. Huku jua linatumaliza. Sharamo anasema ngamia wanatembea mchana kutwa kwa majani ya kujaza mkono. Mmoja amezaa, dume, taabu yote hii na bado dume. Samatar ameteremsha sukari Merti na amekwama huko akingoja mzigo wa kurudi. Mimi ni mzima isipokuwa goti.

Hospitali hapana. Muuguzi wa pale hununua maziwa kwangu, na daktari, na yule wa kufagia. Asubuhi wasikie Tari amempeleka bintiye kupimwa ugonjwa wa maziwa, adhuhuri mitungi ya akina mama wote wa soko itabaki imejaa. Si mimi tu, Kabale. Kuna wajane pale.

Lile jambo lingine umeliandika mara moja, limetosha.

Chupa zako nimezijaza. Maziwa ya kwanza ya alfajiri, kila ngamia chupa yake, Sharamo ametaja majina nami nimeandika. Nimezitunza vizuri kabisa, hutaona haya mbele ya mwalimu wako. Nilimweleza Sharamo kwamba unatafuta stima ndani ya maziwa. Akafikiri, kisha akauliza, "Kama iko, mbona tunanunua tokeni za stima?"

Mulki amesikia muuguzi wa kliniki akisema wajawazito wachemshe maziwa. Siku hizi anakunywa chai ya rangi na kunitazama. Habari za chupa sijamwambia. 

Utakuja lini? Huu ni mwaka wa pili.

Shangazi yako


Nairobi, 2 Aprili 2024

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia nikingoja adhana ya magharibi, tende ziko mkononi. Saumu yenu ikoje? Goti je? Najua kwamba hujalipeleka popote.

Samahani kwa kuchelewa. Stima ilipotea chuoni siku kadhaa, na dhahabu ya kwanza ilitoka na mikwaruzo. Kisha nilipima, nikarudia, nikarudia tena, kwa sababu mimi nikishika kitu usingizi unaniacha. Shangazi, mkondo umelala. Chupa zote. Hakuna hata ngamia mmoja aliyeinua sindano ya kifaa. Nilikaa pale maabara nikiutazama ule mstari umenyooka kwenye kioo kama barabara ya kwenda Merti, nikalia kidogo, Kubai wa meza ya pili akadhani nimefiwa.

Maziwa ni safi. Mulki na anywe.

Umesema kweli juu ya wajane wa soko. Sikuwa nimewafikiria.

Kuhusu kuja, kazi ni nyingi. Nitakuandikia.

Kabale wako


Isiolo, 21 Aprili 2024

Mwanangu,

Idi ilipita vizuri, Alhamdulillahi. Tulikuwekea fungu lako la nyama, likaliwa na Samatar. Mvua imefika, tena si mchezo, mto umepanda na boda boda wanaoleta maziwa kutoka Gotu wanazunguka mbali. Ngamia wamenona. Watu waliokuwa wakilia jua sasa wanalia matope.

Barua yako niliisoma nikaiweka kifuani. Siku hiyo hiyo nikamwambia Mulki, "Mambo ya kliniki achana nayo, kunywa, maziwa yetu ni safi, nina uhakika." Akauliza, "Uhakika wa wapi, mama?" Nikasema, "Wa mama." Akanywa kikombe kizima akajifuta mdomo, akasema, "Nilikuwa nimeyakosa." Tumbo limeanza kuonekana. Anatembea ameshika kiuno kama mwenye duka.

Umenifanyia kitu ambacho siwezi kukilipa. Njoo ukione.

Tari


Nairobi, 9 Mei 2024

Shangazi,

Assalam aleikum. Natumaini mafuriko hayajafika nyuma ya nyumba. Mimi ni mzima wa mwili.

Soma polepole. Jumatatu nilimwonyesha msimamizi wangu, Daktari Kagendo, matokeo ya chupa zako. Nilitegemea anipongeze. Akatazama ile mistari yote iliyonyooka, akanyanyua miwani, akauliza, "Kabale, kifaa kinachosema hapana kila mara, ni kifaa au ni ukuta?" Nikamwambia nilikijaribu kwa maziwa ya dukani nikakiona kinafanya kazi. Akasema, "Maziwa ya dukani si maziwa ya shangazi yako. Yatie kijidudu hayo hayo ya kwake, uone."

Nikachukua masalio ya chupa zako. Nikatia kwa mkono wangu vipande vya DNA ya brusela, vingi, vya kutosha kuurusha mstari juu. Sindano haikusogea. Nikaongeza. Haikusogea. Unaelewa? Kifaa hakikuona kwamba maziwa ni safi. Kifaa kilikuwa kipofu. Kuna kitu ndani ya zile chupa kinachoziba dhahabu, na mimi nililiita giza usalama.

Nilikupigia jana. Mulki ndiye aliyepokea, akaita, "Profesa!" jinsi anavyofanya, nikasikia mwangwi wa spika na watu wakicheka. Nilikuwa nimejipanga niseme. Nikauliza habari za mvua. Tulizungumza juu ya mvua mpaka salio likaisha.

Kwa hivyo naandika: asinywe tena. Mpeleke akapimwe. Na uniambie, zile chupa uliziosha kwa kitu gani? Sabuni? Dawa? Mimba sasa iko mwezi wa tano, Shangazi.

Kabale


Isiolo, 16 Mei 2024

Kabale,

Salaam. Sisi ni wazima. Ukuta wa choo umeanguka kwa mvua, umeinuliwa.

Sabuni? Mimi nitie sabuni katika chombo cha maziwa? Nilikulea wapi? Nilizifukiza, basi. Zilifika zinanuka plastiki mbichi kama ndala mpya. Ningemwaga maziwa ya ngamia wangu humo, daktari wako afungue anuse, aseme huyo ndiye shangazi yake Kabale? Nikawasha vijiti vya mti wa ejersa kwenye kopo, nikainamishia kila chupa juu ya moshi mpaka ikanukia, tena kwa uangalifu zisiyeyuke, nimeungua kidole. Hivyo ndivyo mtungi hutunzwa na hata mtoto anajua. Sikukwambia kwa sababu hakuna mtu anayeambiwa kwamba maji huwekwa sufuriani kabla ya unga.

Sasa nawe unaandika leo safi, kesho si safi. Mimi nimeshamwambia. Nirudi nimwambie nini? "Uhakika wa mama umeisha"? Ana kahoma jioni, kanaondoka asubuhi. Mbu ni wengi baada ya mvua, kila nyumba ina malaria. Nimempa dawa ya maumivu.

Usinipigie kelele kwa kalamu.

Shangazi yako


Nairobi, 18 Mei 2024

Shangazi Tari,

Leo sitauliza goti.

Ni moshi. Nimeujaribu. Nimepata kijiti cha ejersa kwa mtu wa Eastleigh, nimefukiza chupa mpya, nimetia maziwa na kijidudu, na mstari umenyooka vile vile. Moshi unaacha utando juu ya dhahabu, kama masizi kwenye kioo cha taa. Chini yake ngazi inaweza kukamilika kidato kwa kidato na mkondo usione njia. Wewe hukukosea, ulinitumia heshima. Ni mimi niliyetoka nyumba hiyo, niliyefukiza mitungi hiyo kwa mikono hii, na sikukumbuka kukuambia usifanye.

Homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi. Isome tena sentensi uliyoandika.

Barua hii si yako peke yako. Mpe Mulki aisome, na nyingine zote. Ukikataa, Jumatano baada ya adhuhuri nitapiga simu, na atakayeipokea nitamwambia, spika ikiwa wazi, soko zima likisikia. Wajane wa soko watanisamehe au hawatanisamehe.

Kabale


Isiolo, 12 Juni 2024

Kabale,

Aleikum salaam. Niliacha kukuandikia kwanza kwa hasira, kisha kwa shughuli, kisha kwa aibu. Nakuambia kwa mpangilio huo huo.

Nilimpa barua. Zote, nikazipanga mbele yake kitandani. Alisoma akiwa ameegemea ukuta, blanketi begani kwa ajili ya baridi ya homa. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alipomaliza hakuniuliza juu ya ugonjwa. Aliniuliza, "Kwa hivyo nyinyi wawili mmekuwa mkinipima kama ngamia?"

Nikasema, "Hatukukupima wewe, tulipima maziwa."

"Na mimi niko wapi katika hayo maziwa, mama? Mimi ndiye niliyeyanywa."

"Nilikuogopea."

"Uliogopea mitungi."

 Akavaa buibui yake mwenyewe, akafunga viatu mwenyewe, akaenda hospitali kwa miguu, nami nyuma yake kama mtoto aliyefukuzwa. Pale langoni muuguzi, yule mteja wangu, akauliza, "Mama Mulki, leo umeleta lita ngapi?" Nikamwambia, "Leo nimeleta mgonjwa. Mpimeni maziwa yangu ndani yake." Nilisema kwa sauti. Sijui ni nani aliyenisemea.

Wameikuta, Kabale. Brusela. Wamempa dawa zinazofaa mjamzito, za kumeza wiki nyingi, na wamesema tushukuru kwamba amekuja kabla ya mambo kuharibika. Mtoto anacheza. Juzi alimpiga mateke Samatar aliyekuwa amelaza kichwa tumboni, Samatar akaruka akasema huyu atakuwa turniboi wa lori.

Soko lilipungua, kama nilivyosema. Kisha muuguzi akaja akazungumza na akina mama wote, si mimi peke yangu, na sasa tunawachemshia wajawazito maziwa kwenye jiko la makaa hapo hapo mbele ya wateja. Wengine wanasema tumeiua ladha. Ado, yule mjane anayeuza pembeni yangu, anawajibu, "Ladha imekufa, wewe uko hai, chagua."

Mulki hataki kuzungumza nawe. Ulipopiga Jumatano ile alikuwa ameketi karibu na simu, akaitazama mpaka ikanyamaza. Anasema huji nyumbani kwa sababu huku hakuna chochote cha kupima isipokuwa watu. Nimekuandikia alivyosema, sikuongeza chumvi.

Tari


Nairobi, 30 Juni 2024

Shangazi,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, tena ngazini, sikuweza kungoja kufika chumbani. Jirani ameuza jogoo na sasa nyumba ni kimya kupita kiasi. Mshukuru Ado kwa niaba yangu.

Anachosema Mulki ni kweli nusu, na ile nusu nyingine sijui niiandike vipi. Ninapokuwa hapa naweza kuuliza molekuli swali, ikanijibu ndiyo au hapana. Nikiwa huko watu wananitazama usoni wakingoja, nami sina sindano ya kutazama. Nimeanza barua kwake mara nyingi. Zote zinageuka kuwa maelezo ya umeme.

Niandikie hali ya homa. Maneno mawili yatatosha. Nimekutumia chupa nyingine. Zikinuka plastiki, ziache zinuke.

Kabale


Nairobi, 11 Agosti 2024

Shangazi,

Sijapata neno. Makanga anasema mitungi inakuja na inarudi kama kawaida, na kwamba wewe u mzima kwa sababu juzi ulimtukana. Nilimuuliza habari za nyumbani akasema yeye habebi habari, anabeba mizigo.

Sipigi simu. Mara hii si kwa woga. Nadhani Mulki ana haki ya kuitazama ikiwa imenyamaza. Lakini kila basi linapoingia niko pale stejini mapema, na watu wa mizigo wameanza kuniita mke wa dereva.

Kabale


Nairobi, 25 Septemba 2024

Mulki,

Assalam aleikum, dada yangu. Nakuandikia wewe moja kwa moja, na atakayekuletea ana ruhusa ya kusoma.

Juzi makanga alinikabidhi kisanduku cha barafu bila barua. Ndani zilikuwemo chupa za ngamia, zina majina kwa mwandiko wa mama yako. Chini kabisa palikuwa na chupa moja ndogo, ina maziwa kidogo, mazito na ya manjano kuliko ya ngamia. Juu yake uliandika wewe, nilijua mwandiko kabla ya kusoma: "Haya ni yangu. Anza na haya."

Niliketi sakafuni pale pale kwenye maabara. Kubai akaja mbio. Nikamwonyesha chupa, naye ana watoto wawili, akatazama rangi, akasema, "Hayo ni ya siku za kwanza," akaondoka polepole akafunga mlango. Hivyo ndivyo nilivyopata habari kwamba umejifungua.

Nimeanza na hayo. Mkondo ulilala. Sikukubali. Nikachukua tone jingine la maziwa yako, nikatia vipande vya kijidudu kwa mkono wangu, na mstari ukapanda hadi juu ya kioo. Kwa hivyo safari hii kifaa kilikuwa kinaona, na hakikuona kitu kwako. Nimerudia mbele ya Daktari Kagendo. Ngamia wawili kati ya wale wa Gotu wameinua sindano. Sharamo awatenge, mama yako atajua la kufanya, na daktari wa mifugo aitwe.

Lakini sikuambii unyonyeshe kwa sababu ya waya wangu. Nilishakuambia "na anywe" mara moja, tena kupitia mdomo wa mtu mwingine. Hospitali wanaweza kukupima damu tena leo hii na kumtazama mtoto. Waulize wao. Matokeo yangu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili, uwaonyeshe wakitaka kuyaona, nawe uyasome kwanza.

Haya ndiyo uliyoniuliza, nimeyajibu. Kuna ambayo hukuniuliza. Sijui kama ni wa kike au wa kiume. Sijui kama wewe unalala, kama homa imekuacha, kama bado unanikasirikia au chupa ile ilikuwa swali la mama mwenye mtoto na si zaidi ya hapo. Jina lake pia silijui.

Usiniandikie. Alhamisi napanda basi, nakuja kuuliza.

Kabale